Sikwambii Aliko

Matinyani,
14 Januari 2024

Kanini, mwana wa mama,

Nimevuta kiti karibu na dirisha ili nione ninachoandika. Sisi huku tunaendelea. Ndengu zimetoka vizuri, mahindi yamebaki yale machache ambayo nyani waliyaacha. Presha ya wifi yako Kalunde inapanda na kushuka, lakini Jumapili alienda kanisani kwa miguu yake na akaimba mpaka mwisho. Masikio yangu ndiyo yamekataa kazi kabisa. Ukinipigia simu nasikia nyuki ndani ya mzinga, sisikii wewe. Ndiyo maana nimerudi kwenye kalamu, kama zile siku ulipokuwa shule ya bweni. Barua nitaipeleka kwenye ofisi ya vifurushi ya basi. Beba kitambulisho ukienda kuichukua hapo Kambu.

Sasa neno lenyewe. Mbithe, mke wa mwanangu Kilonzo, ameondoka. Jumatatu iliyopita alisema anaenda kituo cha afya kutolewa plasta ya mkono. Unakumbuka nilikwambia mwezi wa Novemba alianguka kutoka ngazi ya ghala. Plasta ilitolewa, hilo nimelithibitisha kwa muuguzi. Nyumbani hakurudi. Kwao Kanyangi nilienda mwenyewe, wakanipa maji ya kunywa na kuniangalia tu. Hayuko. Kilonzo amezunguka Kitui yote, chakula hali.

Kuna mtu alimwona akipanda gari la kwenda upande wa barabara kuu ya Mombasa. Huko hatuna mtu ila wewe. Nakuuliza kama kaka yako: yuko kwako?

Usikawie kunijibu.

Nzuki


Kambu,
2 Februari 2024

Kaka Nzuki,

Barua yako ilikaa siku tisa kabla sijaambiwa kwamba imefika. Nimefurahi kusikia kuhusu ndengu. Mwambie Kalunde apunguze chumvi, na dawa anywe hata siku anazojisikia vizuri. Hapa joto halina huruma. Maembe yamejaa kando ya barabara mpaka wenye malori hawayaangalii tena. Chuoni wamenipa darasa jipya, wanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa kwanza. Nawafundisha utangulizi wa maadili, saa mbili kila Alhamisi, na wengi wanafikiri ni saa za kupumzika.

Habari ya Mbithe imenihuzunisha. Mbithe halali nyumbani kwangu. Unakijua chumba changu, na kitanda ni kimoja. Mwambie Kilonzo asipoteze nauli kuja huku.

Na mimi nina swali langu. Ghala yenu naijua, na ngazi yake ina vidato vitatu. Mtu anaangukaje kutoka hapo akavunjika mkono mahali pawili? Wewe siku hiyo ulikuwa wapi?

Nisalimie wote.

Dada yako,
Kanini


Matinyani,
18 Februari 2024

Kanini, mwana wa mama,

Barua yako ililetwa na Kilonzo. Siku hizi yuko kwenye duka la mbao mjini Kitui, karibu na ofisi ya vifurushi, kwa hiyo barua zako ananichukulia yeye, na zangu anazipeleka. Sote ni wazima. Ng'ombe mwekundu amezaa ndama dume.

Nimesoma barua yako mara moja, nikaiweka, nikaisoma tena. Umeandika kwamba Mbithe halali nyumbani kwako. Hukuandika kwamba hujui anakolala. Mimi ndiye niliyekufundisha kusoma, Kanini, ukiwa na miaka mitano, ukiandika herufi kwa kijiti kwenye vumbi la uani. Nakujua ukiwa unasema na nakujua ukiwa unazungukazunguka.

Na kuna jambo lingine. Unasema mkono ulivunjika mahali pawili. Nani alikwambia ni pawili? Mimi nilikwambia ulivunjika tu.

Wakati wa mazishi ya mama ulikaa na wajomba ukawaeleza unachofundisha. Ulisema kuna wajibu ambao mtu hauachi hata kama faida iko upande mwingine, na kwamba uongo ni kosa hata ukiwa na nia njema. Mjomba alicheka. Mimi sikucheka, nilijivunia. Basi nionyeshe kwamba si maneno ya kulipwa mshahara tu. Unajua Mbithe aliko? Ndiyo ama la.

Hayo ya ngazi yaliandikwa polisi na yakaisha.

Nzuki


Kambu,
9 Machi 2024

Kaka Nzuki,

Hongera kwa ndama. Mimi nimekuwa na homa wiki nzima, sasa nimepona, nimebaki na kikohozi tu.

Bahasha yako ilikuwa imefunguliwa ikabandikwa upya. Gundi ilikuwa bado laini pembeni. Sijui ni nani, na ninakisia ni nani. Kama kuna anayesoma hii kabla yako, na asome.

Una haki ya kunikasirikia. Nilipoandika kwamba Mbithe halali nyumbani kwangu, kila neno lilikuwa kweli, na niliyachagua hayo maneno ya kweli ili uamini jambo ambalo si kweli. Nilijisifu siku mbili kwamba sikusema uongo. Siku ya tatu niliingia darasani nikashindwa kuwaangalia wanafunzi machoni. Kumdanganya mtu kwa maneno ya kweli ni kumdanganya. Naomba unisamehe hilo.

Umetaja ninachofundisha. Nawaambia hivi. Watu wengi hupima tendo kwa matokeo yake: likileta faida ni zuri, likileta hasara ni baya. Kuna wengine wanaosema tuulize kwanza wajibu ni upi. Muuguzi anayempa mgonjwa dawa sawasawa kwa sababu mkaguzi yuko mlangoni amefanya jambo sahihi, lakini hatujui kama ni mwema. Tutamjua siku mkaguzi hayupo na yeye mwenyewe amechoka.

Wajibu tunaujuaje? Nawapa maswali mawili. La kwanza: hii kanuni ninayoifuata, ningekubali iwe ya watu wote? Chukua mzee anayetia sahihi jambo ambalo hakuliona. Sahihi yake inasaidia kwa sababu moja tu, kwamba watu wanaziamini sahihi za wazee. Kama kila mzee angefanya hivyo, sahihi zingekuwa makaratasi ya kufungia chumvi, na hata uongo wake usingemfaa kitu. Kwa hiyo anataka wengine wote wawe wakweli, yeye peke yake aruhusiwe. La pili: huyu mtu ninamchukulia kama mtu, mwenye nia na maisha yake, ama ninamshika kama jembe, nikimaliza kulima nimtupe?

Halafu wanafunzi huniuliza swali gumu kuliko yote. Kama nimemficha mtu, na anayetaka kumdhuru amekuja mlangoni kuniuliza aliko, nifanyeje? Mwaka jana nilizungukazunguka. Mwaka huu msichana mmoja wa Garissa, Kowsar, aliinua mkono. Akasema, "Mwalimu, kwani ni lazima nijibu? Nitamwambia, najua aliko na sikwambii. Halafu nafunga mlango."

Mwenzake akamwambia, "Atauvunja."

Kowsar akasema, "Hapo atakuwa ameuvunja yeye. Mimi nitapiga kelele majirani waje."

Nimelifikiria jibu lake wiki nzima. Basi, kaka, ndiyo, najua Mbithe aliko. Sikwambii.

Na swali langu bado liko pale pale. Hiyo Jumamosi ulikuwa wapi?

Kanini


Kitui,
3 Aprili 2024

Dada mpendwa Kanini,

Natumai u mzima wa afya njema kama mimi nisivyo. Nimelazwa kwa ajili ya moyo na daktari amesema nisiwekwe mawazo mengi. Sina kinyongo na mtu. Kilonzo naye amebadilika sana, ameokoka. Naomba jambo moja tu kabla Mungu hajaniita. Nataka kumwona Mbithe ili nimbariki. Mlete stendi ya Kitui Jumamosi tarehe 13, saa nne asubuhi, kuna mtu atawapokea. Usimwambie yeyote na usipige simu kwa sababu imezimwa.

Usikatae ombi la mgonjwa.

Kaka yako mpendwa,
Mzee Nzuki


Kambu,
20 Aprili 2024

Kaka Nzuki,

Barua hii unaletewa na Kaveke, mke wa mchungaji wenu. Alikuja mkutano wa akina mama huku Makueni na nikamwomba aitie mkononi mwako, asimpe mtu mwingine hata kama ni wa nyumbani. Usomee kanisani kabla hujarudi. Tumeshukuru kwa mvua, ingawa daraja la huku lilifunikwa na tukakaa siku mbili bila unga.

Ndani ya bahasha utapata barua mbili. Moja iliandikwa kwa jina lako tarehe tatu mwezi huu. Soma kwanza hiyo.

Nilipoipata niliilia, nakwambia ukweli. Nilikuona umelala wodini. Nilimpelekea Mbithe habari mahali alipo, naye akaanza kukunja nguo zake pale pale. Alisema, "Baba ni mgonjwa. Sitamkatalia." Pamoja na yote yaliyompata kwenu, Nzuki, angekuja. Nataka ulijue hilo.

Halafu akaomba kuisoma mwenyewe. Aliisoma akiwa amesimama, akakaa. Akaniambia, "Shangazi, hii ni k ya Kilonzo. Anaikata mguu hivi. Ndivyo alivyoandika barua za kunichumbia." Nikaichukua tena na nikaona nilichopaswa kuona tangu mstari wa kwanza. Tangu lini ukaniita dada mpendwa? Tangu lini ukajiita mzee? Kaveke ameniambia Jumapili iliyofuata tarehe hiyo, unapodaiwa kuwa wodini, ulikuwa kanisani unapanga viti.

Fikiria kama angekuwa amesahau mwandiko wa mume wake. Ningempeleka mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, stendi ya Kitui.

Barua ya pili ni nakala ya ile yangu ya Machi. Huwa naandika kwenye daftari kwanza. Nadhani hukuipata. Nadhani pia ndiyo iliyomwonyesha Kilonzo kwamba Mbithe ameniambia yote, kwa sababu nilikuuliza kuhusu Jumamosi na hakuna barua yako iliyotaja siku. Hilo ni kosa langu, niliandika kwa hasira.

Sijui ulijua kiasi gani. Pengine ulikaa naye mezani akiiandika. Nakuuliza bila kuficha: ulijua?

Kanini


Matinyani,
11 Mei 2024

Kanini, mwana wa mama,

Kaveke anarudi huko kwa mazishi ya binamu yake, atakuletea hii. Mvua imebomoa ukingo wa bwawa la silanga na maji yote ya chini yameondoka. Kalunde hajambo. Mizinga miwili imepata nyuki wapya.

Sikujua. Barua yako ya Machi sikuiona mpaka uliponiletea nakala. Nilidhani umekasirika ukaninyamazia, na mimi nikaamua kunyamaza pia. Kilonzo nilikuwa namuuliza kila jioni, "Hakuna barua?" Ananiambia, "Hakuna, baba."

Nilisoma zote kwenye kiti cha nyuma kanisani, kama ulivyosema. Ile aliyoandika kwa jina langu niliishika kwa muda mrefu. Alikuwa amejaribu hata sahihi yangu, mstari wa chini kama ninavyoupiga. Nilijiuliza amenifanya nini hasa, maana hakuninyang'anya kitu. Halafu nikasoma pale penye jembe, nikaelewa. Amenishika mpini. Amenifanya jembe lake.

Nikakaa pale. Nilikumbuka kwamba mimi ndiye niliyemwonyesha jinsi inavyofanyika.

Nakujibu swali lako sasa. Hiyo Jumamosi nilikuwa nyuma ya ghala natengeneza mzinga. Masikio yangu yalikuwa hayajaisha kabisa, nilisikia. Nilizunguka ukuta na nikaona. Kilonzo alikuwa amemshika Mbithe mkono akiupinda mgongoni, na mkono mwingine ana mchi. Alimpiga mara moja mimi nikiangalia. Mara ya kwanza sikuiona, niliisikia. Hakukuwa na mtu kwenye ngazi. Ngazi ilikuwa imeegemezwa kwenye ukuta wa upande wa pili.

Kule kituo cha afya muuguzi aliuliza kilichotokea. Kilonzo akasema ameanguka. Muuguzi akanigeukia. Mbithe naye akanigeukia, Kanini. Alingoja. Nikasema, "Ndiyo, ameanguka, nilimwona." Wiki iliyofuata Mbithe alienda polisi peke yake, na mimi nikaitwa, nikaandika hivyo hivyo na kutia sahihi. Walipoona mzee wa kanisa ameandika, waliifunga kesi.

Nilijipa sababu nzuri. Mwana wangu ni mmoja. Akifungwa, presha itamwua Kalunde. Mbithe mwenyewe atabaki bila mume na watu watamcheka. Kila mtu atapata hasara na hakuna mkono utakaounganika kwa sababu ya mimi kusema. Nilihesabu watu wote hivyo, na usiku nililala. Huyo mmoja aliyenigeukia sikumhesabu kabisa.

Nimefikiria kwenda kuifuta ile taarifa. Sijaenda. Nakwambia sijaenda ili usidhani nimekuwa mtu mwema kwa barua moja.

Nzuki


Kambu,
1 Juni 2024

Kaka Nzuki,

Kaveke amefika salama na asali yako nimeipokea. Kikohozi kimeisha. Wanafunzi wanafanya mtihani wiki ijayo.

Nisamehe nitakayoandika. Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta ile k. Sikuipata. Hata hivyo sijakuamini bado. Kaka aliyeniandikia Januari kwamba alianguka ngazini aliandika kwa mwandiko huo huo mzuri, na maneno yalitulia hivyo hivyo.

Sitakuambia uende polisi. Ningekuambia, ungeenda kwa sababu ya dada yako. Ninachokuomba ni uangalie unaenda kwa nini. Kama unaenda ili Mbithe arudi, usiende, kwa sababu harudi. Kama unaenda ili akusamehe, sijui kama atakusamehe, na siwezi kumwomba hilo kwa niaba yako. Kama unaenda ili Kilonzo abadilike, huenda akatoka huko mbaya zaidi. Ukishayatoa hayo yote, kama kunabaki sababu yoyote, basi hiyo ndiyo.

Mbithe amesoma barua yako. Aliirudisha, akaenda kuosha vyombo.

Sikwambii aliko.

Kanini


Matinyani,
19 Oktoba 2024

Kanini, mwana wa mama,

Nimekaa miezi mitano bila kukuandikia, kwa sababu sikutaka kukuahidi jambo halafu nisilifanye. Tumevuna mbaazi, si nyingi. Nyumba imenyamaza. Kalunde ananipikia, anaweka sahani mezani, anatoka. Hatujasema neno la maana tangu Julai. Kanisani wameniomba nipumzike kuwa mzee mpaka mambo yatulie, na nikawaambia ni haki yao, maana sahihi niliyotia polisi ilikuwa na cheo chao ndani yake.

Nilienda polisi tarehe nane Julai. Afisa alinisomea ile taarifa ya zamani kwa sauti kubwa kwa sababu ya masikio yangu, na watu wote kwenye benchi wakasikia. Akaniuliza, "Mzee, hii ni ya kweli?" Nikasema si ya kweli. Akaniuliza kama ninajua kwamba mimi mwenyewe naweza kushtakiwa. Nikasema nimeelewa. Nilikuwa nimejiandaa kueleza mengi, kuhusu Kalunde na kuhusu mwana mmoja. Hakuniuliza hayo. Aliniuliza nilichokiona tu, nikamwambia.

Kilonzo walimkamata siku hiyo hiyo dukani. Aliponiona kwenye korido alisema, "Baba, umepata faida gani?" Faida sikuipata, na sikuwa nimeifuata.

Ulisema niyatoe yote nione kinachobaki. Nilijaribu. Usiku kabla ya kwenda nilikuwa bado nataka Mbithe anisamehe, na asubuhi nilikuwa bado nataka. Sikuweza kulitoa hilo, nililibeba nikaenda nalo. Labda wewe na wanafunzi wako mna namna ya kwenda bila kubeba kitu. Mimi ni mkulima, nilienda hivyo nilivyo.

Kesi ilisikizwa Jumatano iliyopita. Nilijua Mbithe atakuja kutoa ushahidi wake, ila sikujua atakuja na nani. Alikuja na mama mmoja Msomali mwenye shela ya buluu, aliyemshika mkono mpaka ndani. Nilikisia ndiye aliyempa mahali pa kulala miezi yote hii. Sikumuuliza jina. Wewe ulishika neno lako la kutoniambia, na mimi sitaki kulijua hilo kwa mlango wa nyuma.

Mimi nilisimama kizimbani baada yake. Wakili wa Kilonzo aliniambia kwamba aidha nilidanganya Novemba ama nadanganya sasa, nichague. Nikasema nilidanganya Novemba. Akasema, "Kwa hiyo wewe ni mtu mwongo." Nikasema ndiyo, mwezi huo nilikuwa mwongo, andika. Hakimu akainua kichwa. Hukumu itatolewa Desemba.

Nje, watu walipokuwa wakitawanyika, Mbithe alinijia. Mkono wake haunyooki mpaka mwisho, nimeuona. Nilikuwa nimekusanya maneno tangu asubuhi. Yeye hakunisalimia. Alisogea karibu na sikio langu lenye nafuu ili nisikie, akaniuliza, "Baba, kwa nini sasa?"

Nilimwambia, "Kwa sababu ni kweli."

Akasema polepole, neno moja moja, "Ilikuwa kweli hata siku ile." Halafu akaondoka na yule mama.

Sina la kuongeza juu ya hapo. Nimekuandikia kama alivyosema.

Nduguyo,
Nzuki